Mwanagenzi wa Kulea Watoto

Somo: 2 Samweli 4:4



Mwezi huu twafungua Biblia mahali ambapo wahubiri hupita upesi, kwa kuwa ni aya moja tu, tena imeingizwa katikati ya habari za vita na mauaji. Habari ilifika kutoka Yezreeli kwamba Sauli na Yonathani wamekufa. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa mtoto wa miaka mitano. Yaya wake akamtwaa akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili.

Mtazameni yaya huyu. Hakuwa mwovu. Kama angalitaka kuiokoa nafsi yake tu, angalimwacha mtoto kitandani akatoroka mwenyewe, maana mtu asiye na mzigo hukimbia kwa wepesi zaidi. Alimpenda mtoto, alimbeba, na ni katika kumbeba huko ndiko alikomwangusha. Maandiko hayamtaji jina wala hayamlaumu, nasi hatutamlaumu. Lakini mtoto alilemaa. Baadaye, katika sura ya 9, Mfalme Daudi alimtafuta Mefiboshethi akamketisha mezani pake daima, na neema hiyo imehubiriwa mara nyingi katika mimbari yetu. Walakini angalieni jinsi sura ile inavyokoma: inatukumbusha tena kwamba alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Neema ilimfikisha mezani, miguu haikurudi. Yako mambo yanayompata mtu akiwa na miaka mitano ambayo hata meza ya mfalme haiyafuti.

Tumeichagua aya hii kwa sababu ya msichana mnayemwona kila asubuhi akifagia uwanja wa kituo chetu cha kulelea watoto, nyuma ya kanisa. Alianza mwezi wa Januari. Yeye si mwalimu bado, wala si mtumishi wa kupika uji tu. Ni mwanagenzi: anafanya kazi huku akijifunza kazi ile ile, chini ya mama mlezi wetu, na wakati wa likizo huenda chuoni kukaa darasani. Baada ya Baraza la Parishi kumpokea, maneno mawili yamesikika huku nje, nasi twapenda kuyajibu waziwazi.

Neno la kwanza ni hili: "Kulea nako kwasomewa?" Anayeuliza hivyo mara nyingi ni mama aliyelea watoto sita wakakua wote, naye anastahili jibu la heshima. Twajibu kwamba kumlea mwanao, mmoja mmoja, nyumbani mwako, pamoja na bibi yake na shangazi zake na jirani wa mlango wa pili, ni kazi moja. Kukaa katika chumba kimoja na watoto ishirini na wawili wa watu wengine, kuanzia saa moja asubuhi hadi mama zao watoke sokoni na kazini, ni kazi nyingine. Mama anajua kilio cha mwanawe tangu tumboni. Mlezi wa kituo hana budi kujifunza vilio ishirini na viwili: hiki ni njaa, hiki ni usingizi, na hiki cha yule anayejivuta sikio ni maumivu, mama yake aambiwe jioni ampeleke zahanati.

Huenda mtashangaa mkisikia msichana huyu alianza kujifunza nini. Si nyimbo wala herufi. Alianza na kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kila amsafishapo mtoto na kila kabla ya kumlisha, kwani ugonjwa wa kuhara husafiri kwa mkono wa mlezi kutoka mtoto hadi mtoto. Akafundishwa kwamba mtoto mchanga alazwe chali. Akafundishwa kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano hapewi njugu nzima, kwa kuwa hukwama kooni. Na hapa twawasihi akina mama msimtilie mtoto njugu mfukoni asubuhi ili asilie. Akaonyeshwa ndoo. Sisi watu wazima twaona ndoo yenye maji kidogo kuwa ni ndoo tu, bali mtoto anayejifunza kutembea huinama achungulie, kichwa chake ni kizito kuliko miguu, akatumbukia asiweze kujiinua. Mambo haya hayana sifa. Siku ambayo hakuna aliyeanguka, hakuna aliyesongwa na kitu, hakuna aliyechukuliwa na mtu asiyemjua mlezi, hakuna mzazi atakayekuja kushukuru, kwa maana hakuna lililotokea. Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya ulinzi.

Kisha alijifunza kuchuchumaa. Anaposema na mtoto hushuka mpaka macho yao yakutane, humwita kwa jina lake, kisha hungoja. Hata kitoto kisichojua maneno, kikitoa sauti, hujibiwa kwa sauti na kwa uso, nacho hujibu tena. Wataalamu wa makuzi wasema kwamba katika kujibizana huko ndimo lugha hujengwa na ubongo hukomaa, na kwamba miaka ile ya kwanza ndiyo ambayo ubongo hukua kwa kasi kuliko wakati wote wa maisha. Mama zetu walifanya hivyo bila kuambiwa. Lakini chumba kikiwa na watoto wengi na mlezi amechoka, kujibizana ndiko hufa kwanza, watoto wakawa wa kulishwa na kunyamazishwa tu. Ndiyo maana yapasa kufundishwa, hata kwa mtu mwenye moyo mwema.

Liko na jambo la kuagana. Mama wengi humtoroka mtoto: humpa kikombe cha uji, akigeuka tu, mama ameondoka. Wanafanya hivyo kwa huruma, wasisikie kilio. Mwanagenzi wetu amefundishwa kumwomba mama aage, aseme "Nakwenda, nitarudi baada ya uji wa jioni," kisha aende kweli, hata mtoto akilia. Kilio cha aliyeagwa hupoa; aliyetorokwa hukaa siku nzima akiuchungulia mlango. Someni Yohana 14 mwone kwamba Bwana wetu hakuwanyatia wanafunzi wake. Aliwaambia mapema kwamba anakwenda, na kwamba atarudi, wala hakuwaficha kwa kuogopa huzuni yao.

Namna hii ya kujifunza kazini si ngeni katika nchi yetu ya Kenya. Mwaka 1971 ulianzishwa mradi wa elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya awali, kikifuatwa na vituo vya wilaya kuanzia 1985. Walimu wengi wa chekechea wa siku zile walisomeshwa kwa miaka miwili hivi: muhula wakiwa na watoto, likizo ya Aprili, Agosti na Desemba wakiwa darasani. Walitengeneza vifaa kwa vizibo vya soda, magunzi ya mahindi na vifuu vya nazi. Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa nao, tangu miaka ya 1980, walichukua wanawake vijana wa mitaa yao wenyewe wakawafunza vivyo hivyo, wakiwa pamoja na watoto na mwelekezi akiwatembelea, na kazi yao ikafika Zanzibar na Uganda. Tusione haya kujifunza kwao. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, elimu ya awali imo mikononi mwao. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mama yake yuko sokoni, bado amelala kwenye mkeka wetu.

Nalo Kanisa lilijua njia hii kabla ya taasisi yoyote. Samweli alipelekwa Shilo angali mdogo. Hakupewa vitabu, alipewa milango ya kufungua asubuhi na mzee wa kukaa naye. Eli alikuwa macho yake yamepofuka, walakini usiku ule ni yeye aliyetambua ni nani amwitaye kijana. Mama mlezi wetu hana cheti ukutani. Anao usikivu huo wa Eli, aliopata kwa miaka mingi, na msichana anauchota kwa kukaa kando yake. Lakini twaongeza neno hapa, maana Eli hakuwa mkamilifu: hakuwazuia wanawe. Mzee asiyesahihisha hamfunzi mwanagenzi. Na mara nyingine ni kijana aliyetumwa na neno kwa mzee, kama vile Samweli alivyotumwa asubuhi ile. Habari ya kumlaza mtoto chali ilitoka chuoni na msichana, na mama mlezi akaipokea bila kununa. Tulifurahi sana kuliona hilo.

Neno la pili lililosikika ni la fedha. Wasema, "Anajifunza, kwa nini alipwe? Chakula cha mchana si chatosha?" Wengine huongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kazi hii ni ya wasichana walioshindwa mtihani. Twawaomba msome Kutoka 2:9. Binti Farao, aliyekuwa hamjui Mungu wa Israeli, alipompa yule mama Mwebrania mtoto amnyonyeshe, jambo la kwanza alilotaja ni ujira. Na huyo alikuwa mama wa Musa mwenyewe, ambaye angalimnyonyesha bure na kulia kwa furaha! Ikiwa aliyelea mwanawe alilipwa na jumba la Farao, tutamwambia nini binti anayelea wana wetu? Afanyaye kazi kwa deni la nauli hatadumu. Ataondoka mwezi wa tano kwenda kuuza duka, na watoto watapewa mkono mwingine mpya, na baada ya huo mwingine. Mtoto mdogo hawezi kuanza upya na kila mgeni. Kila mlezi aendapo huondoka na kitu cha mtoto. Baraza limekubali kumpa posho kila mwezi na nusu ya karo ya chuo. Sehemu iliyobaki yategemea ada ya wazazi, nao wazazi wengine wamechelewa mihula miwili.

Na ikiwa kijana wa kiume ataomba kazi hii siku moja, asichekwe. Musa alipolemewa na Israeli alijifananisha na mlezi abebaye anyonyaye kifuani, Hesabu 11, na Paulo akawaambia Wathesalonike kwamba alikuwa mpole kwao kama mlezi na watoto wake. Kanuni itakuwa moja kwa wote, mwanamume na mwanamke, kasisi na mzee wa kanisa: hakuna mtu mzima atakayefungiwa mlango peke yake na mtoto. Msichana wetu ameandika hivyo kwenye karatasi akaibandika mlangoni, nasi tumeitia sahihi.

Jambo dogo la mwisho katika Maandiko. Mwanzo 35:8 yatupa habari ya kifo cha Debora, mlezi wa Rebeka. Alizikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli, na mti ule ukaitwa kwa machozi yaliyomwagika pale. Kifo cha Rebeka mwenyewe hakisimuliwi. Cha mlezi wake kimeandikwa, na jina lake, na mahali pa kaburi.

Mwezi wa Aprili mwanagenzi wetu atakwenda chuoni kwa majuma matatu, na mama mlezi hawezi kubaki peke yake na watoto ishirini na wawili. Twatafuta akina mama wawili wa kumsaidia kwa zamu. Watakaokubali watafika Jumamosi ya mwisho ya Machi, saa tatu asubuhi, waonyeshwe orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto na namna ya kuifuata. Kituo pia chahitaji ndoo mbili zenye vifuniko vinavyobana na magodoro madogo matatu. Vitu hivyo vyaweza kuachwa ofisini baada ya ibada ya pili.