Mwenda Tezi na Omo: Maneno Juu ya Safari na Mazingatio

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi ikawa kama busati kwa waja wake, akapitisha ndani yake njia ili wapate kwenda kwenye haja zao. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeuhama mji alioupenda kwa ajili ya dini ya Mola wake, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, zama zetu hizi ni zama za safari. Safari ya Hija, ambayo wazee wetu walikuwa wakiifunga kwa miezi, wakiagana na watu wao kama mtu aiagaye dunia, leo ni mwendo wa saa chache angani. Vijana wetu huenda Dubai kwa biashara, huenda Uturuki na Malaysia kwa masomo, na wengine huenda kutembea tu. Hili ni jambo la kushukuriwa, wala sisi hatulikatazi. Lakini twauliza: wanaporudi, hurudi na nini? Twasikia khabari za maduka, na bei, na hoteli. Na twaonyeshwa picha ambazo mwenyewe amesimama mbele ya kila kitu, hata hicho kitu chenyewe hakionekani. Ni wachache wanaorudi na jambo moyoni ambalo hawakuwa nalo walipotoka.

Haya hatuyasemi kwa kuwalaumu wenzetu tukajitoa sisi. Sisi tumo, tena tumo mbele. Na ili ijulikane kwamba twasema kweli, tutawahadithia yaliyotupata.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokwisha Umra, tulipita Misri. Tulitaka kuuona msikiti wa Azhar, uliofunguliwa kwa sala katika mwaka 972. Na tulitaka kulizuru kaburi la Imamu Shafi'i, ambaye sisi watu wa pwani twasali, twafunga na twarithiana kwa madhehebu yake. Imamu huyu alizaliwa Gaza katika mwaka 150 wa Hijria, akakulia Makka, akaenda Madina kusoma kwa Imamu Malik, akaenda Yemen, akaenda Iraq, na mauti yakamkuta Misri katika mwaka 204. Kila mji alioutoka alikuwa akitafuta ilimu asiyoipata mle. Hizo ndizo safari za waliotutangulia.

Tulisimama penye kaburi lake tukamwombea rehema. Hatukumwomba yeye kitu, kwa kuwa maiti ndiye mwenye haja ya dua yetu. Lakini desturi ya watu kumpelekea Imamu barua za mashitaka yao, wakimtaka awahukumie na waliowadhulumu, ni desturi mashuhuri mahali hapo. Tulihuzunika sana. Mtu aliyeutumia umri wake akiwafunza watu kushika dalili za Kitabu na Sunna, leo kaburi lake limefanywa sanduku la posta!

Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Alasiri, tuliingia katika duka la vitabu karibu na Azhar. Mwenye duka, mzee wa makamo ya baba zetu, alituuliza tumetoka wapi. Tukamjibu, "Mombasa." Akatabasamu, akasema, "Mambasa! Ibn Battuta amewataja nyinyi. Je, mngali mkiosha miguu mlangoni mwa misikiti?"

Tukanyamaza kimya. Jina la Ibn Battuta tulikuwa tukilijua. Lakini aliyoyaandika juu ya mji wetu hatukuwa tumepata kuyasoma. Tulikaa miaka mingi mbele ya mashekhe zetu, tukasoma fikihi, na nahau, na tafsiri, na kwa hayo twamshukuru Mungu. Lakini khabari ya mlango wa nyumba yetu wenyewe tuliulizwa na muuza vitabu wa Misri, na tusiwe na jawabu. Yule mzee aliiona haya iliyotuingia. Hakutucheka; alipanda ngazi, akaliteremsha buku, akatufungulia pahala penyewe, akatuacha tukisoma hali tumesimama.

Tukakuta kwamba bwana huyo alipita kwetu katika mwaka 1331, akielekea Kilwa. Amesema kuwa watu wa Mombasa ni Mashafi'i, watu wa dini na wema. Na kuwa misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ufundi mkubwa. Amesema kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji. Na mtu akitaka kuingia aliosha miguu yake, akaipangusa kwa jamvi gumu lililowekwa mlangoni, na watu wote walikuwa wakienda miguu mitupu.

Na jambo lililotukata maini ni hili: Ibn Battuta alilala kwetu usiku mmoja tu! Usiku mmoja, akaona mbao za msikiti, na kina cha kisima, na urefu wa mpini wa kata, na jamvi mlangoni. Na sisi tumezaliwa hapa, tumekaa zaidi ya miaka arobaini, wala hatujaona. Ndipo tulipofahamu kuwa safari haimpi mtu macho. Mtu hutoka na macho yake kwao. Asiyetazama kilicho karibu, hata akifika mwisho wa dunia ataona maduka tu.

Tuliporudi, tuliwachukua wanafunzi wetu tukaenda kwanza Jumba la Mtwana, kilomita kama 15 tu kaskazini ya Mombasa. Njia ya Mtwapa tumeipita mara zisizo na hesabu, tukienda Kilifi na Malindi kwenye harusi na mazishi, wala hatukupata kukata kona kwenda kutazama. Pale, ukingoni mwa bahari, pana magofu ya mji uliokuwa ukikaliwa katika karne ya 14, na misikiti minne. Nyuma ya msikiti ulio karibu na maji pana kaburi lililochorwa aya katika Sura ya Al Imran inayotukumbusha kuwa hapana nafsi itakayosalimika na mauti. Mmoja wa wanafunzi wetu, kijana wa miaka kumi na miwili, aliisoma herufi kwa herufi kwa kidole chake. Alipomaliza akauliza, "Maalim, huyu aliyeandika alijua kuwa sisi tutakuja?" Hatukumjibu, maana koo lilitukaba.

Kisha tukaenda Gede, karibu na Malindi. Mji huu ulifukuliwa na Bwana James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na katika mwaka 2024 UNESCO imeuandika katika urithi wa ulimwengu. Mna msikiti wa Ijumaa wenye safu za nguzo na mihrabu iliyopambwa kwa bakuli za kauri, na kando yake kisima na birika la kutawadhia. Mna majumba ya mawe yenye vyoo ndani yake. Mna kaburi lenye taarikh ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Na katika vifusi vyake mmeokotwa vyombo vya Uchina na shanga za Venice. Wenyewe waliuacha mji huo katika karne ya 17. Na wataalamu wametaja kupungua kwa maji visimani na mashambulio ya maadui. Leo miti imeota mahali pa majumba, na kima hurukaruka juu ya kuta ambazo watu walikuwa wakiwaozea binti zao ndani yake.

Ndugu zetu, tulipata hapo mazingatio matatu.

La kwanza: mawe hayaihifadhi dini. Msikiti ule ni wa mawe, na mihrabu yake yaelekea Kibla mpaka leo. Lakini hapana adhana wala jamaa. Leo sisi twashindana kwa marumaru na mazulia na minara, hali darsa za jioni zina wazee watatu na madrasa hayana mishahara ya walimu. Twachelea tusije tukawaachia wajukuu wetu magofu mazuri zaidi ya yale.

La pili: usafi. Watu wale, miaka mia sita iliyopita, walikuwa na kisima mlangoni mwa msikiti na choo ndani ya nyumba. Basi na atoke mmoja wetu baada ya sala ya Alfajiri, apite katika vichochoro vyetu, atazame taka zilizotupwa na maji machafu yapitayo mbele ya milango. Kisha atuambie ni nani kati yetu na wao aliyeendelea.

La tatu: walichanganyika na dunia wasipotee. Walikula katika vyombo vya Uchina, wakavaa shanga za Ulaya, na Kibla chao hakikugeuka. Kijana wetu akikaa miaka miwili ugenini, mara nyingi hurudi akiionea haya lugha ya mama yake na sala ya baba yake.

Huenda mtu akasema: "Mtume, sala na salamu zimshukie, hakutukataza kufunga safari ila kwa misikiti mitatu, wa Makka, na wake wa Madina, na wa Aqsa? Mbona nyinyi mwatuhimiza kwenda kwenye magofu na makaburi?" Jawabu yetu ni hii: kilichokatazwa ni kuikusudia safari kwa kudhani kuwa mahali pengine pana utukufu wa ibada kama pale patatu. Ama safari ya ilimu, na ya biashara, na ya kuunga udugu, na ya kuzingatia, hiyo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameiamrisha katika Qur'ani pahala pengi, kwamba tutembee katika ardhi tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliokuwa kabla yetu. Lakini asiende mtu kutundika matambara, wala kufukiza ubani, wala kumwaga marashi ili apewe mtoto au apone maradhi. Katika kaburi moja la kale la mwambao wetu tuliyakuta hayo yote. Mahali pa kumkumbusha mtu mauti pamegeuzwa mahali pa kuyasahau.

Jambo la mwisho tunalieleza kwa uchungu. Marehemu babu yetu alikuwa akisafiri kwa jahazi baina ya Lamu na Arabuni, na tulisikia utotoni kwamba alikuwa na daftari aliloandika bandari alizoziona na watu aliokutana nao. Tuliporudi kutoka Gede tulilifungua kasha lake, tukilitafuta. Tulikuta jalada la ngozi, na ndani yake vumbi la mchwa. Kasha hilo lilikuwa katika chumba tulichokuwa tukilala sisi! Tulipanda ndege kwenda kutazama vitabu vya Misri, na kitabu cha safari za babu yetu kilikuwa kikiliwa chini ya kitanda chetu.

Basi ndugu zetu, twawausia. Anayetaka kusafiri na aitie nia njema safari yake, na asome khabari za mji aendao kabla ya kwenda. Afikapo asiiache sala, na aulize kwa wenye ilimu. Na arudipo awahadithie watoto wake jambo litakalowafaa. Na kabla ya hayo yote, na aanze na mlango wake: awachukue watoto Jumba la Mtwana na Gede, awakalishe wazee awaulize, na alifungue kasha la baba yake leo, si kesho. Mwenye hati za wakfu, au barua, au kitabu cha mkono na akitoe kipigwe picha, kisha akirudishe kwake, kabla ya mchwa kusoma wao. Wahenga wetu wamesema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngamani kwa muumini ni pawili: kwao alikozaliwa, na kaburini aendako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuonea na nyoyo za kuzingatia. Awarejeshe salama wasafiri wetu. Awarehemu waliotujengea misikiti hii ya kale ambao majina yao hatuyajui na Yeye ayajua. Na atujaalie safari yetu ya mwisho iwe ndiyo bora ya safari zetu. Amin.