Ustaarabu ni Mawe au ni Watu?

Siku moja tulikuwa tukisomesha ufahamu katika darasa la sekondari. Kifungu chenyewe kilihusu hekalu la Abu Simbel, ambalo Firauni Ramses wa Pili aliamuru lichongwe katika mwamba wa ukingo wa Nile zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Wanafunzi waliyajibu maswali yote barabara: ni nani aliyelijenga, lilijengwa lini, na liliokolewaje lisizame. Hapo msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza swali lisilokuwamo kitabuni: "Mwalimu, na watu waliokuwa wakikaa hapo walikwenda wapi?" Tulimwahidi kumjibu kipindi kijacho. Tulipolitafuta jibu, tukatambua kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko maswali yote ya kitabu.

Misri ilianza kulijenga Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1960, na kazi ikamalizika mwaka 1970. Nyuma ya bwawa lilitanda ziwa lenye urefu wa kilomita 500 hivi, likaingia hadi ndani ya Sudan. Nchi iliyofunikwa na maji hayo ni Nubia. Mwaka 1960 UNESCO iliuita ulimwengu uje kuyaokoa mambo ya kale, na nchi zipatazo 50 zikaitikia. Hekalu la Abu Simbel likakatwa vipande zaidi ya 1,000, kila kipande kikatiwa nambari, na kati ya mwaka 1964 na 1968 likasimamishwa upya mita 65 juu ya mahali pake pa zamani. Huko Faras, wataalamu wa Poland walibandua kwa uangalifu mkubwa picha zaidi ya 100 kutoka kuta za kanisa la kale. Leo nyingine zimo Warszawa na nyingine zimo Khartoum. Mahekalu mengine yalitolewa zawadi kwa nchi zilizosaidia: lile la Dendur liko New York, na lile la Debod liko Madrid.

Na watu je? Wanubia wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishiwa Kom Ombo, katika vijiji vilivyojengwa mbali na ukingo wa mto. Wengine wapatao idadi hiyo hiyo, wa Wadi Halfa na vijiji vyake, walipelekwa Khashm el-Girba, mashariki ya Sudan, kuanzia Januari 1964. Mwaka 1960 Wanubia wa Sudan walikuwa wameandamana kuyapinga makazi hayo, lakini hawakusikilizwa. Kabla ya kuondoka waliyazuru makaburi ya wazee wao, wakaiaga mitende yao, kisha wakapanda magari ya moshi. (Hao wasichanganywe na ndugu zetu Wanubi wa Bombo na wa Kibra, ambao walitokana na askari wa zamani kutoka Sudan na ambao lugha yao imezaliwa na Kiarabu.)

Hatuandiki haya ili kuwalaumu waliookoa mawe. Kazi yao ilikuwa njema, na lau isingefanywa tungalikuwa maskini zaidi. Wala hatusemi kwamba Misri haikuwa na haki ya kutafuta umeme na kujikinga na ukame; taifa lina watoto wa kulisha. Tunachouliza ni hiki: ilikuwaje ulimwengu ukajua kukitia nambari kila kipande cha jiwe, usijue kumwuliza mwenye nyumba anataka kuhamia wapi?

Jibu letu ni kwamba tumezoea kuufikiria ustaarabu kama kitu kilichokwisha kufa. Tunapotamka "ustaarabu wa kale" tunaona magofu, makaburi na sanamu. Hatumwoni mkulima anayeishi kando ya magofu hayo. Lakini Wanubia walikuwa na falme zao wenyewe, na lugha yao ilikuwa ikiandikwa tangu karne ya 8 hivi. Uhai wa lugha hiyo haukuwa katika jiwe lolote. Ilikuwa midomoni mwa watu hao hao waliopakiwa katika magari ya moshi. Sisi walimu wa lugha tunajua kwamba neno huishi pamoja na kitu chake. Ukimwondoa mvuvi mtoni, mjukuu wake atayajifunzia wapi majina ya mikondo na ya pepo? Hekalu hukatwa likaungwa tena. Kijiji hakikatwi kikaungwa. Wanubia wa Kom Ombo walivipa vijiji vyao vipya majina ya vile vilivyozama, kwa kuwa jina ndilo walilokuwa na uwezo wa kulihamisha wenyewe.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katiba ya Misri ya mwaka 2014, katika ibara ya 236, iliahidi kuwarudisha Wanubia kwenye maeneo yao ya asili ndani ya miaka 10. Miaka hiyo ilitimia mwaka 2024, na wengi wao wangali wanangoja.

Sisi tunaokaa karibu na Jinja, ambapo Nile hutoka ziwani, hatuwezi kulitazama jambo hili kama la mbali. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali lilizinduliwa, na maporomoko yaliyokuwa matakatifu kwa Wasoga yamo chini ya maji. Umeme wake ndio unaotuwezesha kusahihisha madaftari usiku, nasi tunaushukuru. Lakini mwenye kufaidika ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuuliza ni nani aliyelipa.

Tulirudi darasani, tukamjibu yule msichana kwa kadiri tulivyoweza. Tangu siku hiyo, kila tusomeshapo kifungu juu ya magofu, huliongeza swali lake mwisho wa maswali ya kitabu. Tunawaomba walimu wenzetu nao waliongeze.