Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Methali hii huelezwa kama onyo kwa mkopaji: siku ya kupokea ni vicheko, siku ya kurudisha ni vilio. Imechukulia kwamba aliyecheka ndiye atakayelia. Kifo huvuruga hesabu hiyo. Baba alikopa, sasa yuko kaburini, na matanga yake ndiyo yanayoita wadai.

Pwani jambo hili halifichwi. Siku ya mazishi msemaji wa familia husimama akatangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone wanawe. Hapo ndipo anapokuja mwenye duka na daftari lililojikunja kona: sukari kilo mbili, sabuni, mchele, na jina la mzee kwa kalamu ya risasi. Hati hana, muhuri hana. Huyu humpima mtoto kuliko benki, maana benki ilishika dhamana, na pengine bima. Yeye aliamini uso wa mzee tu.

Sheria haina ukali unaodhaniwa. Katika Qurani, Sura ya An-Nisaa hutanguliza wasia na deni kabla ya mafungu ya warithi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, nayo humtaka msimamizi alipe madeni kutoka katika mali ya marehemu. Deni huandama mali, si mfuko wa mtoto. Ndiyo maana dhuluma iliyozoeleka si kukataa kulipa, bali kugawana kwanza: shamba limeshapimwa, pikipiki imeshachukuliwa, ndipo mdai anapoulizwa ana shahidi gani.

Na mali isipotosha? Hapa methali huuliza swali ambalo hakimu haulizi: harusi ile aliila nani? Mara nyingi mzee alikopa ada ya shule, na pilau yake aliila huyu huyu anayesema leo kwamba deni halimhusu. Mtume alipoacha kumswalia maiti mwenye deni, sahaba wake Abu Qatada alilibeba deni hilo, wala hakuwa akidai urithi. Ila deni la kamari ni jingine. Simwoni mtoto aliyelala njaa kwa ajili yake akiuza ng'ombe wake kulilipa, na asiitwe mkosa radhi.

Mdai naye ana lake. Wapo wanaoichana karatasi hapo hapo msibani wakasema wamemsamehe mzee, na wapo wanaongoja arobaini ipite, kisha wanabisha hodi.