Kidole Chenye Kidonda

Tuseme kijana mmoja wa Katuba, katika mji wetu wa Lubumbashi, anajifunza violoni, ile ala ambayo ndugu zetu wa pwani huiita fidla. Mlango unambana kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mfupa haukuvunjika, ngozi imechanika na kidole kimevimba. Mganga amwambia, «Usikitumie kidole hiki wiki mbili.» Lakini baada ya wiki tatu kuna sikukuu, na kwaya yamtegemea. Tena yuko mwenzake anayekitamani kiti chake. Je, yampasa nini? Ajikaze na kupiga hivyo hivyo? Ama aifungie ala sandukuni mpaka apone?

Mtu atasema kwamba swali hili ni dogo kama kidonda chenyewe. Sisi twaona si dogo, maana ndani yake mna lingine: kazi njema tunayoifanya, twaifanya kwa ajili ya kazi yenyewe, au ili tuonekane tukiifanya?

Kwanza tumtazame mwenye bidii isiyosikia. Yeye asema, «Kupumzika ni uvivu.» Basi abonyeza nyuzi kwa kidole kibichi, kidonda chafunguka, na wiki mbili zageuka miezi miwili. Bidii yake yafanana na ushujaa, lakini mara nyingi ni hofu tu: aogopa kiti chake kitachukuliwa. Wazee waliofua shaba katika nchi hii ya Katanga walijua kwamba shaba iliyomiminwa katika umbo la msalaba haishikwi ingali moto. Aliyengoja hakuitwa mvivu, kwa sababu kungoja kulikuwa sehemu ya kazi.

Robert Schumann, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810, alitamani kuwa mpiga piano mashuhuri. Kama mwaka 1832 alitumia chombo cha kuvilazimisha vidole vyake, na kidole kimoja cha mkono wa kulia kikamshinda kabisa. Kama chombo kile ndicho kilichokiharibu, au ugonjwa mwingine, wataalamu wanabishana hata leo. Lakini tumaini lake la kupiga mbele za watu lilikwisha. Muziki haukumwacha: alitunga, na kazi zake zapigwa mpaka sasa. Alichopoteza ni njia moja ya kuutumikia muziki, wala si muziki wenyewe.

Halafu yuko mwingine, naye ni ndugu wa yule wa kwanza ingawa hawafanani uso. Huyu akipata kidonda cha kidole hupumzisha mwili mzima, na masikio, na akili. Kitambaa cheupe chamwombea ruhusa kila mahali. Lakini mganga alikataza kidole kimoja tu. Hakukataza mtu mzima.

Basi tuhesabu kilichobaki. Violoni ina nyuzi nne: sol, re, la na mi. Mkono wa kushoto hubonyeza, mkono wa kulia huvuta upinde, na sauti nzuri hutoka kwa upinde kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa kuishika ala hakumletei maumivu, kijana wetu aweza kuvuta upinde juu ya nyuzi tupu, polepole, toka mwanzo hata mwisho wake, akiangalia uende sambamba na kile kidaraja kinachoinua nyuzi. Avute kwa sauti ndogo, kisha kubwa. Avuke toka uzi hata uzi pasipo kukwaruza. Aimbe kwa kinywa sehemu yake yote, asome nota zake bila ala mpaka azijue kwa moyo. Na maumivu yakianza, aache: maumivu ni mjumbe, wala hapigwi mjumbe. Kidole kikikataa kukunjika, au kikifa ganzi, au wekundu ukipanda mkononi, arudi upesi kwa mganga.

Mtu atajibu, «Hayo ni mazoezi ya watoto.» Kweli, na hapo ndipo penye jaribu. Aliyekwisha kupiga nyimbo ngumu aona haya kusikiwa akivuta uzi mtupu. Lakini tumkumbuke Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mkono wake wa kulia ulipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Hakuwa na jeraha. Aliyatumia kikamilifu machache aliyoyachagua. Tena huko Kinshasa, orkestra ya Wakimbangu iliyoanzishwa mwaka 1994 ilikuwa na violoni chache mwanzoni, zikapokezanwa mkono kwa mkono. Aliyengoja zamu yake alikuwa na macho na masikio tu, na hivyo pia ni kujifunza.

Lakini tusimtwike kijana mzigo wote peke yake. Hofu yake ina sababu, nasi ndio tuliomtia. Kiongozi wa kwaya anayempa kiti mtu mwingine moja kwa moja kwa sababu ya wiki mbili, awafundisha wote kuficha vidonda. Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wahenga. Basi mwenzake apige siku ya sikukuu ikiwa kidole hakijapona, na kijana wetu amgeuzie kurasa za nota, amwonyeshe pale penye ugumu. Siku hiyo watu hawatamsikia kabisa. Akiweza kufurahi hata hivyo kwamba wimbo umeimbwa vizuri, tutajua, naye atajua, kwamba aliupenda wimbo.