Kufuli la Nyumbani Lifungwe na Wawili



Mama mmoja wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, ametuandikia. Mumewe hanywi pombe wala halali nje. Lakini kila usiku, watoto wakishalala, hukaa gizani na simu akicheza ule mchezo wa ndege, Aviator. Kodi ya miezi miwili imekwenda, na karo ya kifungua mimba imefuata. Sasa kijana wa jirani anasema anaweza kuzifunga tovuti za kamari kwenye kisanduku cha Wi-Fi, mzee asijue kamwe. Mama anauliza: "Je, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Mama mpendwa, kwanza pole. Kufunga si dhambi. Bwana wetu alifundisha, Mathayo sura ya 5, kwamba ni heri kupoteza kiungo kimoja kuliko mwili wote kuangamia. Katekisimu, namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inafundisha kuwa mchezo unakuwa mbaya pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, tena inaonya kwamba tamaa yake huweza kumfanya mtumwa. Kodi na karo ndiyo mahitaji yenyewe.

Linalonitia hofu ni lile neno, "asijue kamwe." Kijana ataweka kwenye kisanduku huduma ya kuchuja, kama OpenDNS, ambayo hukuruhusu kuchagua aina za tovuti zisifunguke, kamari ikiwemo. Usiku huo ndege haitaruka. Kesho yake mzee atanunua bando, ataitoa simu kwenye Wi-Fi, na kufuli limepitwa. Siku atakapogundua, hatasema, "Nilikuwa nimepotea." Atasema, "Mke wangu ananipeleleza." Hapo kosa lake litajificha nyuma ya lako.

Siku ya harusi mliweka ahadi mbele ya altare, nyote wawili. Kufuli hili nalo lifungwe na nyote wawili.

Chagua saa ya utulivu. Isiwe usiku aliopoteza, wala mbele ya watoto. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, ni ndogo. Basi tokeni, mtembee pamoja mkitoka Misa. Mwambie: "Baba watoto, sikukamati. Naogopa tutafukuzwa." Kisha mwombe mtazame pamoja taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu. Usihubiri. Tarakimu zitasema zenyewe. Na ajue jinsi mchezo ulivyo: ndege inapaa, malipo yanaongezeka, nawe hutoe pesa kabla haijatoweka. Umepangwa hivi kwamba, kwa muda mrefu, faida ibaki kwa kampuni.

Akikubali, fanyeni mambo manne. Kwanza, wekeni kichujio kwenye kisanduku, na neno la siri liwekwe na wasimamizi wenu wa ndoa. Ninyi wenyewe msilijue. Pili, aweke kwenye simu yake programu ya kuzuia kamari, kama BetBlocker, isiyotoza malipo, kwa maana kisanduku hakiwezi kuzuia bando. Tatu, aiandikie kampuni aombe akaunti ifungwe. Nne, mshahara ukiingia, kodi na karo zilipwe siku hiyo hiyo, kabla ya jua kutua.

Je, akikataa? Basi funga kisanduku, lakini mchana kweupe. Mwambie: "Nyumba hii ina watoto, na kamari si yao." Hata sheria ya Kenya haiwaruhusu walio chini ya miaka 18. Pesa unazochuma wewe zilinde kwa ajili ya chakula na karo. Waendee wasimamizi, kisha padre. Jumuiya iwaombee, lakini usiianike aibu ya mumeo huko. Na ikiwa anatishia kukupiga, au anasema amechoka kuishi, usingoje kikao. Tafuta msaada wa watu na wa hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe mzee wangu, kama ukurasa huu umekufikia, sikiliza. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari, badala ya ile ya 1966. Lakini hakuna sheria itakayokaa nawe gizani saa saba za usiku. Mkeo anaweza. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 hakungoja kurudisha mali ndipo aende nyumbani. Alikwenda mikono mitupu. Usingoje ushindi mmoja mkubwa ndipo uungame. Huo ndio uongo wa mwisho wa kamari.

Zungumzeni leo jioni: Ni jambo gani la fedha ambalo mwenzangu halijui? Ninaogopa nini nikimwambia?

Mungu azibariki nyumba zenu.