Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Kuna sentensi moja katika daftari langu la mwaka 2016 ambayo mpaka leo sina hakika ni ya nani. Mwandiko ni wangu, kalamu ya bluu. Hakuna alama za kunukuu, hakuna jina, hakuna ukurasa. Ni sentensi nzuri sana, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ingekuwa mbovu ningejua mara moja kwamba ni yangu.

Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ushairi wa Mombasa wa karne ya 19, huku nikiwa na kazi gazetini. Asubuhi habari za bei ya vitunguu, jioni maktaba. Nilinakili ovyo: mengine daftarini, mengine nyuma ya risiti za duka, mengine kwenye simu ambayo baadaye iliibiwa ndani ya daladala. Kila mara nilijiambia, hii nitakumbuka nimeitoa wapi. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi nikakutana na ile sentensi. Nikapekua vitabu vyote vilivyokuwa mezani, sikuiona. Basi nikaiingiza sura ya tatu kama yangu. Msahihishaji akaipigia mstari, akaandika pembeni: "Vizuri sana."

Je, niliiba? Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, aliniambia nisijisumbue, kwa sababu mwizi ni lazima awe na nia na mimi sikuwa nayo. Kwa muda maneno yale yalinifariji. Lakini dereva anayesinzia barabarani naye hakukusudia kuua mtu. Bado tunamuuliza kwa nini alishika usukani akijua hajalala siku mbili. Usiku ule wa mwisho kweli sikujua. Siku niliyonakili nilijua, na kuandika jina kungenichukua nusu dakika. Isitoshe, nilikuwa na shaka. Ningeweza kuiacha ile sentensi, na tasnifu isingepungukiwa chochote. Badala yake shaka ile niliihukumu mwenyewe, na nikajipa ushindi.

Wapo wanaosema kwamba haya mambo ya kutaja vyanzo ni ugonjwa wa vyuo, sisi Waswahili maneno ni ya wote. Sikubaliani nao. Hata methali, ambayo kweli haina mwenyewe, hatuisemi bila kutanguliza "wahenga walisema." Tunakiri kwanza kwamba si yetu. Na pwani hii watu wamesoma hadithi za Mtume karne na karne wakijua kwamba matini peke yake hayatoshi. Inatakiwa na isnadi: fulani amepokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Anayekuja nyuma anaweza kuikagua silsila hiyo, mtu mmoja baada ya mwingine.

Nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mshairi niliyekuwa namsoma alitufikia kwa njia hiyohiyo. Muyaka bin Haji alifariki mnamo 1840. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya, akifanya kazi na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilihaririwa na William Hichens na kuchapwa Johannesburg mwaka 1940. Ni miaka mia moja. Kwa sababu tunayajua majina hayo, leo tunaweza kuuliza nani alisikia nini, na nani huenda aligusa mshororo. Muyaka mwenyewe hadai kitu. Anayedai ni msomaji. (Nilipotambua kwamba jina la mwalimu yule, Sikujua, ndilo neno nililolitumia kujitetea, niliona haya peke yangu.)

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya hiyo sentensi. Nilipokuwa Mombasa, bibi mmoja wa Mji wa Kale alinipa saa mbili nzima na kahawa vikombe vitatu. Katika tasnifu, maprofesa niliwaandika kwa jina, mwaka na ukurasa. Yeye nilimwandika "mzee mmoja." Naweza kusingizia kanuni: mtindo wa APA, kwa mfano, huyataja mazungumzo binafsi ndani ya matini tu, hayaingii kwenye orodha ya marejeo. Ila hata ndani ya matini palikuwa na nafasi ya jina lake. Hakuniomba nimfiche, wala mimi sikumuuliza.

Siku hizi vitabu naviweka kwenye Zotero, na mtu akianza kuongea naandika jina lake kabla sijaandika anachosema. Nampa asome nilivyoliandika. Ni kazi ndogo mno hata naona aibu kuieleza.

Mwaka jana nilisoma tena daftari lile na nikaanza kuhisi kwamba ile sentensi inafanana na usemi wa bibi. Siinukuu hapa, nisije nikaichapa mara ya pili bila mwenyewe. Nilimpigia mjukuu wake, akamsomea kwa sauti kubwa maana masikio yamechoka. Nikamsikia bibi anacheka. Akasema huenda aliisema, lakini basi atakuwa aliipata kwa mamake, na mamake naye sijui kwa nani, hilo halimsumbui. Kisha akaomba apewe simu.

"Mwanangu," akasema, "jina langu nilikutajia mara mbili siku ile. Uliliandika wapi?"