Theluji, Fukuto na Wajibu wa Kubisha Hodi

Watu wengi hudhani kwamba hali ya hewa ni jambo la maumbile tu, lisilokuwa na uhusiano wowote na maadili. Mvua hunyesha, jua huwaka, upepo huvuma, na mwanadamu hana la kufanya ila kujifunika au kujifunua. Hakuna awezaye kuishtaki dhoruba wala kuihukumu hari. Hata hivyo, tukichunguza kwa makini tutaona kwamba pale inapokoma kazi ya maumbile ndipo inapoanza kazi ya binadamu, na mpaka uliopo kati ya hizo mbili ni mwembamba sana. Katika insha hii tunakusudia kuuchunguza mpaka huo kwa kutazama hali mbili zinazopingana: dhoruba ya theluji inayokuja bila kutarajiwa, na fukuto zito la joto lenye unyevu. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: tuna wajibu gani kwa mtu aliye katika dhiki, lakini hakutuita?

Msemaji wa Kiswahili anaijua theluji kwa macho na fukuto kwa ngozi. Theluji ameiona kwa mbali, juu ya Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipopeleka Ulaya habari kwamba ameiona theluji hiyo karibu na ikweta, baadhi ya mabingwa wa jiografia walimkanusha kwa miaka mingi, ingawa wenyeji wa mlima ule walikuwa wakiitazama kila kulipokucha. Hiyo ni tabia ya binadamu, kukikataa kitu asichokitarajia. Tuikumbuke tabia hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Fukuto, kwa upande wake, halihitaji msafiri wa kututolea habari. Miezi ya kaskazi, kabla ya masika kuanza, mtu wa Tanga, Unguja au Dar es Salaam analala na kuamka nalo. Lugha yetu haikutosheka na neno joto peke yake. Tunalo joto, tunayo hari, tunalo fukuto. Nayo sababu ya tofauti hiyo ni ya kweli kabisa. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, na jasho hupoza kwa kukauka. Hewa ikishajaa mvuke, jasho halikauki. Hutiririka bure, na moyo hufanya kazi maradufu pasipo faida. Kijana mwenye afya husumbuka tu. Mzee au mgonjwa huweza kufa, tena bila kelele.

Tunakumbuka zamani za masomo yetu, tulipokuwa tukiishi katika mji mmoja kando ya Ziwa Michigan, si mbali na Chicago. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Miti ilikwisha kuanza kuchipua, nasi tulikwisha kuyakunja makoti yetu na kuyaweka sandukuni, tukiamini kwamba baridi imetuaga. Asubuhi moja tuliamka tukakuta dunia nzima ni nyeupe. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, ikazifunika ngazi, ikayafukia magari, ikaziba njia. Basi milango ikafunguka. Watu ambao kwa muda wa miezi saba hawakupata kutusalimu walitoka na mabeleshi yao, wakachimbuliana njia, wakasukumiana magari, wakacheka pamoja. Mzee mmoja aliyeishi peke yake katika nyumba iliyotukabili alitukopesha beleshi lake, akatuonyesha namna ya kulishika ili tusiumize mgongo. Alituuliza tumetoka nchi gani. Tulipomjibu, alisema kwamba bila shaka theluji ile ilikuwa ikitusubiri sisi.

Siku ya tatu theluji iliyeyuka, na milango ikafungwa kama kawaida.

Mwezi wa Julai likaja fukuto. Sisi wa pwani tulilipokea kwa majivuno kidogo, kama watu waliokutana na jamaa yao wa zamani. Lakini upesi tulitambua kwamba fukuto lile halikuwa la kwetu. Kwetu, hari inapozidi, watu huihama nyumba: huketi barazani, hutandika mkeka chini ya mwembe, hufungua milango upepo upite. Kule kila mtu alijifungia ndani na mashine yake ya kupozea hewa, na asiyekuwa nayo alijifungia na joto lake. Nasi tukajifungia. Siku ya tatu tuliona dirisha la yule mzee limefungwa na pazia limeshushwa. Tuliliona, tukasema moyoni kwamba huenda amekwenda kwa watoto wake. Siku ya tano gari la wagonjwa lilikuja, likamchukua taratibu, bila kupiga king'ora. Alikuwa amekwisha kufariki, pengine siku mbili kabla.

Hakuna aliyetulaumu. Hatukuvunja sheria yoyote ya nchi ile, wala desturi yake yoyote. Zaidi ya hayo, twaweza kujitetea kwa hoja tatu. Kwanza, mzee hakuita. Pili, katika nchi ile mtu huheshimiwa kwa kuachwa peke yake, na mgeni hufuata desturi za wenyeji. Tatu, aliyemwua ni joto, si sisi. Hoja hizi si za kipuuzi, na yafaa tuzipime kwa mizani ya haki. Tutazipima kwa kutazama yaliyolipata jiji la Chicago lenyewe, kwa kuwa jiji hilo lilizijua hali zote mbili kwa kiasi kikubwa kuliko sisi.

Tarehe 24 Januari 1967, katikati ya majira ya baridi kali, joto mjini Chicago lilifika nyuzi 18 za Sentigredi, jambo la ajabu kwa mwezi ule. Alfajiri ya tarehe 26 theluji ilianza kuanguka, nayo haikukoma hadi asubuhi ya siku ya pili yake. Kina chake kilifika sentimita 58, na hapana dhoruba moja iliyopata kuandikwa katika kumbukumbu za jiji lile ambayo ilishusha theluji nyingi kuliko hiyo. Magari kwa maelfu na mabasi kwa mamia yalikwama barabarani. Watu walilala mashuleni, makanisani na maofisini, pamoja na wageni wasiowajua. Hatusemi kwamba wote waligeuka kuwa wema. Maduka mengine yaliporwa, na makumi ya watu walipoteza maisha. Lakini msiba ule ulikuwa wa wote, tena ulionekana na wote. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua.

Miaka 28 baadaye, Julai 1995, jiji lile lile lilishukiwa na fukuto. Tarehe 13, katika uwanja wa ndege wa Midway, kipimajoto kilionyesha nyuzi 41, na unyevu uliufanya mwili uhisi zaidi ya nyuzi 50. Barabara zilikuwa wazi, maduka yalikuwa wazi, anga ilikuwa nyangavu. Hapakuwa na kitu cha kuonekana. Hata hivyo, katika juma moja walikufa watu 739 zaidi ya idadi ya kawaida ya majira yale. Chumba cha maiti hakikutosha, ikabidi yaletwe malori yenye majokofu. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee, na wengi walikuwa peke yao, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo alipoitangaza hesabu, meya wa jiji aliitilia shaka. Hapo tabia ile ya mwaka 1848 ilijitokeza tena: kisichotarajiwa kinakanushwa, hata maiti wakiwa wamepangwa mbele ya macho.

Mtaalamu wa elimu ya jamii, Eric Klinenberg, aliuchunguza msiba huo na kutoa kitabu mwaka 2002. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni habari ya mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Hewa yao ni moja na jua lao ni moja. Idadi ya wazee maskini wanaoishi peke yao ilikaribiana. Lakini katika mtaa wa kwanza walikufa watu 40 kwa kila wakazi 100,000, na katika wa pili watu 4. Mtaa wa kwanza, uliokuwa na wakazi wengi Wamarekani weusi, ulikuwa umeachwa na viwanda, maduka na wakazi wake wengi. Njia zake zilikuwa tupu, na mzee aliogopa kutoka. Mtaa wa pili, wenye watu wengi wa asili ya Meksiko, ulikuwa na maduka kando ya njia na watu wakipita mchana kutwa. Mzee aliweza kutoka akaingia dukani penye ubaridi, na asipoonekana palikuwa na mtu wa kuuliza yuko wapi.

Basi, hoja ya tatu imeanguka. Kama joto peke yake lingekuwa mwuaji, lingeua sawasawa katika mitaa yote miwili. Joto lilileta hatari, lakini nani aangamizwe na nani aokoke liliamuliwa zamani kabla ya Julai: katika kuhama kwa viwanda, katika umaskini, katika ubaguzi, katika njia zilizoachwa tupu. Yafaa tuwe waangalifu hapa. Hatusemi kwamba watu wa mtaa mmoja walikuwa na roho njema na wa mtaa mwingine roho mbaya. Wema huhitaji mahali pa kutembelea, na mtaa ulioharibiwa huwanyima hata watu wema nafasi ya kuonana. Ndiyo maana ujirani si tabia ya mtu mmoja mmoja tu, bali ni jambo la kujengwa na jamii nzima pamoja na serikali yake. Jiji la Chicago lenyewe lilijifunza hivyo. Mwaka 1999 hari kali iliporudi, watumishi wa jiji waliwapigia simu wazee na kwenda kubisha milangoni mwao. Vifo vilikuwapo, lakini vilikuwa vichache mno kuliko vya mwaka 1995.

Hoja ya pili, ile ya desturi, nayo haituokoi. Ni kweli kwamba mgeni hufuata desturi za wenyeji. Lakini yule mzee hakuwa mtu wa kupenda upweke; mwezi wa Aprili alitufundisha kushika beleshi. Ukweli ni kwamba tulijifunza upesi mno ile desturi iliyotupunguzia kazi. Mtu aachapo jadi yake mara nyingi huanza na ile inayomgharimu.

Imebaki hoja ya kwanza, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu: hakuita. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini iko dhiki yenye sauti na iko dhiki isiyo na sauti. Theluji hupiga kelele kwa weupe wake. Humwita kila mtu atoke nje, na kumsaidia jirani siku hiyo ni karibu sawa na kucheza. Fukuto hufanya kinyume: humzuia mtu ndani, humlegeza, humnyang'anya nguvu ile ile ambayo angeitumia kuita. Kumngoja mtu wa namna hiyo aite ni kumtaka atoe kile ambacho dhiki yenyewe imekwisha kumnyang'anya. Kwa hiyo kipimo cha utu si namna tunavyokimbilia msiba unaoonekana, bali ni namna tunavyoutafuta ule usioonekana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na aliyezoea kusikia makelele tu hatausikia mshindo huo hadi umekwisha kupita.

Tukitazama utamaduni wetu kwa jicho hili tutaona kwamba wazee wetu walikwisha kuweka ulinzi dhidi ya kimya hicho. Salamu zetu ni maswali. Umeamkaje? Umeshindaje? Hujambo? Maneno haya hayakubuniwa kuwa pambo la adabu. Ni uchunguzi wa kila asubuhi na kila jioni, mlango kwa mlango, bila kungoja msiba. Na neno hodi ni chombo cha hekima kubwa, kwa kuwa linaunganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyaona yanapingana: linaheshimu mlango wa mtu, na wakati huo huo linamfikia aliye nyuma yake. Abishaye hodi havunji faragha ya mwenziwe. Anakataa tu faragha hiyo isigeuke kaburi.

Lakini tusijisifu. Katika miji yetu nako kuta zinapanda na malango ya chuma yanaongezeka. Wako wanaoishi Dar es Salaam miaka kumi bila kulijua jina la jirani wa ukuta mmoja. Na salamu zenyewe, mara ngapi tunajibu "salama" kabla swali halijaisha, na mwulizaji amekwisha kupita kabla jibu halijafika? Desturi ikibaki maneno matupu haitamlinda mtu siku ya fukuto. Sisi wenyewe tulikuwa na neno hodi kinywani, tukavuka nalo bahari, wala halikumfaa yule mzee, kwa sababu hatukuvuka njia ya hatua ishirini kulitamka.

Walimu na wanafunzi watakaosoma maneno haya wanajua kwamba katika kila darasa yuko mwanafunzi anayepiga kelele akiumia, na yuko anayenyamaza. Wanajua vilevile ni yupi asahaulikaye. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mgonjwa haulizwi uji, hupelekewa. Beleshi la yule mzee lilibaki kwetu. Tulikuwa tumekusudia kumrudishia.